Kumbukumbu ya Safari Zilizoipita Sauti: Mtazamo kutoka Kiriri, Bujumbura

Kiriri ni mtaa wa mlimani, upande wa mashariki wa Bujumbura. Kutoka kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi iliyopo huko, katika majengo yaliyokuwa ya Collège du Saint-Esprit ya Wajesuiti, macho huuvuka mji mzima hadi Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo; kaskazini-magharibi, katika tambarare ya Rusizi, upo uwanja wa ndege. Ni mahali pa kutazamia ndege zikishuka, na ndiyo sababu panafaa kwa mjadala huu. Historia ya Concorde imesimuliwa mno na waliokaa ndani yake. Waliobaki ardhini, ambao ndio karibu watu wote wa Maziwa Makuu, hawajaulizwa.

Tarehe 21 Januari 1976 ndege 2 za aina hiyo zilianza safari za abiria: moja kutoka London kwenda Bahrain, nyingine kutoka Paris kwenda Rio de Janeiro kupitia Dakar. Kila moja ilichukua abiria wapatao 100, ikaruka kwa kasi ya zaidi ya kilometa 2,000 kwa saa, takriban mara 2 ya kasi ya sauti, katika kimo kilichofikia mita 18,000. Dakar ilikuwa kituo cha kujaza mafuta, nayo ikaondoka katika ratiba mwaka 1982. Bujumbura ilikuwa karibu na mpango huo kuliko inavyodhaniwa: Sabena, shirika la Ubelgiji lililoihudumia Usumbura tangu enzi ya ukoloni, lilikuwa limejiwekea nafasi ya kununua Concorde 2. Pan Am na TWA zilipojitoa mwanzoni mwa 1973, soko likaporomoka, na Sabena haikuzichukua.

Kilichofuata hapa ni historia nyingine ya anga. Tarehe 25 Julai 2000 Concorde ya Air France ilianguka Gonesse, karibu na Paris. Watu 113 wakafa. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, ndege ya Sabena iliyokuwa ikitua Bujumbura ilipigwa risasi, na watu 2 waliokuwamo wakajeruhiwa. Tukio la kwanza limejaza vitabu. La pili ni mstari mmoja tu katika orodha za ajali, ingawa kwa mkazi wa Kiriri ndilo linaloeleza kusafiri kwa ndege kulikuwa na maana gani katika miaka ile.

Concorde ya ukanda huu haina budi kutafutwa Gbadolite, kaskazini mwa Kongo. Huko Mobutu alijengewa njia ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 3,200 hivi, inayotosha Concorde, naye alikuwa akiikodi ndege hiyo kutoka Air France. Kitenzi *kukodi* kinastahili kuzingatiwa. Kiswahili hakitofautishi anayekodi baiskeli kwa saa moja na rais anayekodi Concorde kwa fedha za umma. Msikilizaji hupima mwenyewe ukubwa wa jambo. Mei 1997 Mobutu aliondoka kwa kutumia njia ileile, safari hii ndani ya ndege ya mizigo, na Septemba akafia Rabat. Waliofyeka nyasi, waliobeba mizigo na waliopanga mstari kupokea wageni ndio mashahidi wa historia hiyo. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1985 amefikia 70 mwaka 2025. Kumbukumbu yake iko katika Kingbandi na Kilingala, na kwa askari na watumishi waliotoka mashariki, katika Kiswahili cha Kongo. Taasisi za Kiswahili zikingoja nyaraka za mashirika ya ndege, zitapata hesabu za mafuta tu.

Upo pia ushahidi wa anga lenyewe. Tarehe 30 Juni 1973, kabla ya huduma ya abiria kuanza, Concorde 001 iliyorushwa na André Turcat iliondoka Las Palmas, ikakifuata kivuli cha mwezi juu ya Sahara, ikatua Fort-Lamy nchini Chad. Wanasayansi waliokuwamo walikaa dakika 74 ndani ya kupatwa kamili kwa jua. Ardhini, hata palipokuwa na muda mrefu zaidi, giza lilidumu dakika 7 na ushei. Kivuli hichohicho kiliendelea mashariki hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Siku moja, jua moja, na mizani 2 za muda.

Muda ndio uliowashangaza abiria kuliko kasi. Ndege ya asubuhi iliondoka London saa 4 na nusu ikafika New York karibu saa 3 na nusu za huko, na katika safari za jioni wakati wa baridi jua lililokwisha kuzama lilionekana likipanda tena upande wa magharibi. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo, kwa hiyo msemaji wake hawezi kuupokea mkasa huo kama hesabu ya tiketi tu. Katika Uislamu, jua kuchomoza magharibi ni dalili ya Kiyama. Mfasiri anayeuandika usemi huo kwa wasomaji wa Buyenzi au Ujiji hana budi kujua anachokigusa.

Suala hili si la makumbusho pekee. Juni 2025 serikali ya Marekani iliagiza kuondolewa kwa marufuku ya mwaka 1973 dhidi ya ndege za kiraia kuipita sauti juu ya nchi kavu, na kampuni za huko zinatengeneza ndege mpya. Malaysia haikumiliki Concorde hata moja, lakini mwishoni mwa 1977 malalamiko yake kuhusu kelele yalisimamisha safari za Singapore baada ya chache tu. Nchi za Afrika Mashariki nazo zinaweza kuulizwa, na jibu litahitaji istilahi. Ile sauti inayofika ardhini ndege ikipita inaweza kuitwa *mlipuko*, neno ambalo katika mji uliopitia vita tangu 1993 humaanisha silaha, au *kishindo*. Kanuni ikiandikwa kwa neno la kwanza, mkazi wa Kiriri atakayeisoma atatafuta pa kujificha. Ikiandikwa kwa la pili, atauliza ni saa ngapi ndege hiyo inapita na nani ameiruhusu.