Lori Letu na Mafuta Yake

Katika kusherehekea miaka kumi ya Chama chetu, wengi watataja magunia na bei. Mimi naomba kutaja lori, kwa kuwa kila lita linayoitumia hutoka katika malipo ya mkulima.

Habari yake yaanza mbali. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliona jinsi mitambo ya mvuke ilivyopoteza sehemu kubwa ya moto wake. Akafikiri kuibana hewa ndani ya silinda hata ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche. Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake ilipimwa: katika kila sehemu 100 za nguvu iliyomo katika mafuta, sehemu 26 hivi ziligeuka kuwa kazi. Lakini injini za namna hiyo zilikuwa nzito mno kwa barabara. Mwaka 1924 ndipo kampuni ya MAN ilipoonyesha mjini Berlin lori la dizeli ambalo mafuta yake yalinyunyizwa moja kwa moja katika silinda.

Kabla ya hapo, mwaka 1905, Mswisi Alfred Büchi alikuwa amepata hati ya kulinda uvumbuzi wake: moshi utokao uzungushe feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Ndiyo turbo. Mwaka 1954 Volvo waliitia katika lori lao la Titan, na nguvu za injini zikapanda kutoka farasi 150 hadi 185. Tena, mafuta yalipopanda bei ghafula mwaka 1973, watengenezaji walirekebisha gia na difu ili injini izunguke polepole, gari likienda mwendo ule ule. Maana kila mzunguko una msuguano wake, nao msuguano hula mafuta.

Basi tazameni: faida hizo zote zilipatikana kwa kupatanisha hewa, mafuta na gia. Sisi tulilisahau jambo hilo. Katika mwaka wetu wa tatu, lori liliposhindwa na mlima, tulikubali fundi aifungulie pampu ya dizeli. Nguvu iliongezeka kweli, lakini hewa ilibaki ile ile. Lori likatoa moshi mweusi, ambao ni mafuta yasiyoungua sawasawa. Daftari la safari laonyesha kwamba tangi lililotosha kwenda na kurudi halikutosha tena. Hati ya malipo niliiandika mimi, na lawama naipokea.

Sasa limeletwa ombi la kubadili difu. Katika tambarare litafaa. Katika mlima wetu dereva atalazimika kushusha gia mapema na kuichosha klachi. Naiomba Halmashauri ipime kwanza safari kadhaa, kwa mzigo mmoja na njia moja, tangi likijazwa pomoni kabla na baada, ndipo iamue. Mali ya wengi haitumiwi kwa kubahatisha.