Gari Lililokunywa Miwa: Somo kutoka Muhoroni

Ukiwa Nakwa, hapa Babati, moshi mweusi wa malori ya barabara ya Arusha–Dodoma unaujua. Miwa nayo haiko mbali, inalimwa Bonde la Kiru. Je, miwa ingepunguza moshi ule?

Jirani zetu Kenya waliwahi kujaribu, wakaanza na petroli. Kiwanda cha Muhoroni kilitengeneza ethanoli kwa molasi, yale masalia mazito yanayobaki sukari ikishatolewa. Kuanzia 1983, petroli ya Nairobi ilichanganywa nayo, kama lita 1 ya ethanoli kwa lita 9 za petroli. Magari yalitembea. Lakini kufikia 1993 mpango ulikufa: bei iliyopangwa na serikali haikumlipa mzalishaji, na ethanoli ilipata faida zaidi ikiuzwa kwingine.

Dizeli je? Hapo kemia yenyewe inagoma. Ethanoli ina oksijeni ndani yake, ndiyo maana hupunguza masizi. Ila maji kidogo tu yakiingia, inajitenga na dizeli. Tena haiwaki kirahisi kwa mgandamizo, na injini ya dizeli haina plagi. Dawa ni viambato vya kushikanisha mchanganyiko na kusaidia uwakaji. Mabasi ya Scania mjini Stockholm yalianza kutumia ethanoli yenye kiambato cha uwakaji karibu mwaka 1990.

Kwa hiyo ukisikia "mafuta safi", uliza mambo mawili: injini itayakubali? Na nani atalipa tofauti ya bei? Muhoroni walivuka swali la kwanza, wakakwama kwenye la pili.