Mtungi, Kata na Mfereji wa Barghash

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka Mombasa akiwa njiani kwenda Kilwa. Katika machache aliyoandika juu ya mji ule, maji yamo: milangoni pa misikiti pana kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja. Anayetaka kuingia hunawa miguu, ndipo huingia.

Majumbani kulikuwa na mtungi. Udongo wa kufinyanga una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya kidogo kidogo, mtungi ukatoka jasho, na upepo unapolikausha jasho hilo maji ya ndani hupoa. Ndiyo maana mtungi huwekwa penye upepo, si jikoni. Nyumba zenye kujali ladha huufukiza kwanza: hugeuzwa kifudifudi juu ya chetezo chenye makaa na ubani maka, moshi ukaingia tumboni, ndipo ukatiwa maji. Juu hukaa kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Mgeni akikaribishwa hunywa, akakirudisha chombo. Hakuna cha kutupa hapo, labda mtungi ukivunjika, na hata vigae vyake vina kazi.

Lakini tusiusifu kupita kiasi. Mtungi hupoza maji, hauyasafishi. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar, na hadi kilipotulia mwaka uliofuata maelfu walikuwa wamezikwa. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu mjini humo, alikiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876. Maji ya kisima cha mjini, kati ya nyumba zilizobanana, yaliweza kuwa baridi, yakanukia ubani, na yakaua.

Sayyid Barghash alikalia kiti cha usultani wa Zanzibar mwaka ule ule kipindupindu kilipotulia, 1870. Ujanani alikuwa ameishi Bombay kama mhamishwa, na mji mkubwa alikuwa ameshauona. Katika utawala wake, uliokoma kwa kifo chake mwaka 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi kutoka Chemchem, kaskazini ya mji, na watu wakachota bila malipo. Kwangu mimi huo ndio mradi wake mkubwa, ingawa wageni hupiga picha jumba lake la Beit al-Ajaib. Mtungi ulibaki ule ule. Kilichobadilika ni asili ya maji.

Baadaye likaja debe. Lilifika na mafuta ya taa, lita 18 hivi, mafuta yakaisha, likabaki kuchotea maji kisimani. Likazoeleka hata likawa kipimo cha mahindi sokoni. Ndoo na dumu vya plastiki vilirithi kazi hiyo, na havikuwa vitu vya kutupa.

Chupa ya plastiki tunayoilalamikia leo haikubuniwa kwa maji. Nathaniel Wyeth, mhandisi wa kampuni ya DuPont, alipata hataza yake mwaka 1973 baada ya kutafuta plastiki ya kustahimili msukumo wa gesi ya soda. Maji ya kawaida hayana msukumo wa gesi. Yaliingia humo kwa sababu chupa ni nyepesi, na kwa sababu watu wengi hawauamini tena mfereji. Kwetu chupa tupu haikwenda jaani moja kwa moja. Ilitiwa asali, mafuta ya nazi, maziwa mtindi. Tatizo ni kwamba chupa ni nyingi kuliko asali.

Tanzania bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, chupa zilisalimika. Kenya, tarehe 5 Juni 2020, ilizuia plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji zikiwemo, katika hifadhi, misitu na fukwe zilizotengwa. Maofisini sasa imerudi desturi ya zamani: chupa kubwa ya lita 18 au 19, ikiisha inarudishwa dukani ikajazwe.

Na mbele ya baadhi ya maduka utaliona dumu la maji baridi lenye koki, limewekwa sabili kwa mpita njia. Kikombe kimefungwa kamba. Kile cha Mombasa, kwa maelezo ya Ibn Battuta, kilikuwa na kijiti tu.