Safu ya Poti za Muda katika Mfumo Endeshi

Safu ya poti za muda ni fungu la namba ambamo mfumo endeshi wa kompyuta huchota poti kila programu inapofungua muunganisho wa mtandao bila kutaja poti yake. Watengenezaji wa mfumo huiweka kama chaguo-msingi, na kompyuta nyingi huishi na kuzeeka bila mtu kuigusa. Ndiyo maana uchaguzi wake ni jambo zito: huwagusa zaidi wasio na mtaalamu wa mitandao karibu, kama wenye saiba, shule na zahanati za Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya.

Utendaji

Namba ya poti ina biti 16, hivyo poti huanzia 0 hadi 65535. Mteja anapowasilisha ritani ya kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, katika saiba mjini Bungoma, kivinjari huelekea poti 443 ya seva. Upande wa saiba, mfumo endeshi hutoa poti ya muda, tuseme 41876, ili majibu yapate pa kurudi. Muunganisho hutambulika kwa anwani na poti za pande zote mbili, kwa hiyo poti hiyohiyo inaweza kuelekea seva nyingine wakati uleule. Ubanaji hutokea pale miunganisho mingi inapokimbilia seva moja.

Muunganisho ukifungwa, upande ulioanza kuufunga huendelea kuishikilia poti kwa muda, pakiti zilizochelewa zisije zikaingia katika mawasiliano mapya. Linux huishikilia kwa sekunde 60.

Historia

Mifumo ya Unix ya BSD ilitumia poti 1024 hadi 5000, na Windows za kabla ya Vista 1025 hadi 5000: chini ya poti 4,000. IANA, inayosimamia namba za intaneti, imetenga 49152 hadi 65535 kwa matumizi ya muda, mpango uliothibitishwa katika waraka RFC 6335 wa mwaka 2011. Windows Vista na zilizofuata huutumia, zikiwa na poti 16,384. Linux ya leo hutumia 32768 hadi 60999, yaani poti 28,232.

Vigezo vya uchaguzi

*Upana.* Kwa poti 28,232 zinazoshikiliwa sekunde 60 kila moja, mashine hufungua takribani miunganisho mipya 470 kwa sekunde kuelekea poti moja ya seva moja kabla ya kukwama.

*Usalama.* Mwaka 2008 mtafiti wa usalama Dan Kaminsky alionyesha jinsi mshambulizi anavyoweza kupenyeza majibu bandia ya DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, kwa kubahatisha namba ya ombi yenye biti 16. Poti ikichaguliwa kwa nasibu ndani ya safu ya Linux, michanganyiko ya kubahatisha hupanda kutoka 65,536 hadi zaidi ya bilioni 1.8.

*Kutogongana.* Safu ikipanuliwa ovyo humeza poti za huduma, na huduma ikiwekwa ndani ya safu iliyopo hatari ni ileile. Tuchukue shule ya Kitale ambayo fundi ameiwekea programu ya matokeo kwenye poti 40000 ya seva ya Linux. Inafanya kazi miezi kadhaa; kisha siku moja, baada ya umeme kurudi, programu nyingine inapewa poti hiyo kwanza, na ya matokeo inakataa kuwaka ikidai anwani tayari inatumika.

Hali ya Kitale na Bungoma

Kompyuta 20 za saiba, kila moja ikifungua miunganisho 6 kwa seva ya iTax, tovuti ya KRA ya kodi, hazikaribii kumaliza safu hata tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani. Ubanaji unaweza kutoka kwingine. Anwani za IPv4 zimeadimika; AFRINIC, inayozigawa Afrika, iliingia awamu ya pili ya uhaba Januari 2020. Mtoa huduma akigawanya anwani moja kwa wateja 64 na kuacha kando poti 1,024 za mwanzo, kila mteja hubaki na poti 1,008. Saiba nzima huhesabiwa kuwa mteja mmoja. Hapo kupanua safu ndani ya kompyuta hakusaidii kitu. Dawa ni IPv6, toleo jipya lenye anwani tele, au anwani ya umma ya peke yake.

Marekebisho

Kwenye Linux safu husomwa kupitia `net.ipv4.ip_local_port_range`, na poti za kuachwa kando huorodheshwa katika `net.ipv4.ip_local_reserved_ports`. Huduma mpya ni salama zaidi kati ya 1024 na 32767, nje ya safu za Linux na Windows za leo, mradi zisigongane na namba zinazojulikana kama 3306 ya MySQL na 5432 ya PostgreSQL. Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, hufuata njia hiyo: poti zake za kupokea maombi ya nje ni 30000 hadi 32767, zikiishia pale hasa safu ya Linux inapoanzia. Fundi wa shule au zahanati aisome kwanza safu iliyopo, aorodheshe poti za huduma zake, ndipo aamue. Mara nyingi atakuta kinachopaswa kuhama ni huduma, na safu inafaa kubaki ilivyo.