Kabla Ubadilishe Sensa, Soma Historia Kwanza

Wasee, mwezi jana nilikuwa naendesha gari ya mathe, kigari kilichotumika Japani kabla kije huku, trei za mayai zimejaa nyuma. Nikafika kwa mzunguko, nikakanyaga mafuta nitoke. Gari ikakohoa, ikasita, halafu ikaruka mbele ghafla. Trei mbili chini. Matatu nyuma yangu ikanipigia honi kama vile nimeiba kitu.

Fundi mmoja akachomeka mashine yake, ikatoa msimbo P0171. Maana yake injini inachoma hewa nyingi kuliko inavyofaa kwa mafuta inayopata. Bila hata kufungua boneti akasema, "Hiyo ni sensa ya oksijeni, badilisha." Mathe akatoa elfu tisa. Siku tatu baadaye, kikohozi kilekile.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite injinia. Lakini kusoma sikuacha. Nikaanza kuchimba historia ya hiki kikohozi, na kumbe kuna wakati kilikuwa kinahatarisha maisha ya watu.

Twende 1940, angani juu ya Uingereza. Ndege za Spitfire na Hurricane zinapigana na Messerschmitt za Wajerumani, na zote mbili zinatumia injini ya Rolls-Royce Merlin. Injini kali, lakini iko na kabureta. Rubani Mjerumani akibanwa, anainamisha pua ya ndege ghafla na kupiga mbizi. Yake haina shida kwa sababu mafuta yanasukumwa kwa nguvu moja kwa moja ndani ya silinda. Mwingereza akimfuata vilevile, Merlin inakohoa na kupoteza nguvu. Ilibidi kwanza aigeuze ndege juu chini, ndipo apige mbizi. Hapo adui ashatoroka.

Sasa skia kilichokuwa kinafanyika ndani. Ndege ikiinama ghafla, mafuta kwenye chemba ya kabureta yanarushwa juu, mbali na matundu ya kunyonyea yaliyo chini. Injini inapata hewa tu, inasita. Hiyo ni njaa. Lakini kidogo baadaye kile kiboya kinachopima mafuta kinachanganyikiwa, vali inafunguka wazi, na pampu inajaza chemba kupita kiasi. Sasa injini inazama kwa mafuta, na hapo ndipo inaweza kuzima kabisa.

Umeona? Kwa rubani ni kikohozi kimoja. Kwa injini ni magonjwa mawili, tena yanayopingana.

Aliyeleta dawa anaitwa Beatrice Shilling, wengi wakimwita Tilly. Alikuwa injinia kwenye kituo cha utafiti wa ndege kule Farnborough. Huyu dada alikuwa mkimbiza pikipiki pia: 1934 alizunguka uwanja wa Brooklands na Norton yake kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Dawa yake ilikuwa kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, kilichowekwa kwenye njia ya mafuta. Tundu lilipimwa lipitishe mafuta yanayotosha injini ikiwa kwa nguvu zake zote, na si zaidi. Mapema 1941 yeye na timu yake walizunguka kambi za ndege wakikifunga.

Kile kipande hakikumaliza njaa ya mwanzo. Kusita kidogo kulibaki hadi kabureta za aina nyingine zilipokuja baadaye. Lakini Shilling alijua ni ugonjwa upi unaozima injini, akatibu huo. Hakuwaambia wabadilishe injini nzima.

Huku chini, mafundi wa magari walikuwa na vipimo vyao. Walifungua plagi na kusoma rangi. Ncha nyeupe, injini ina njaa. Nyeusi yenye masizi, imeshiba kupita kiasi. Kahawia hafifu, iko sawa. Ilihitaji jicho na miaka mingi ya kuchafuka mikono.

Kisha sheria za moshi kule California zikabana, na 1976 Volvo ikaanza kuuza Marekani gari la 240 lenye sensa ya oksijeni ya Bosch. Sensa inakaa kwenye ekzosi, inanusa oksijeni iliyobaki, na kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ukae karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Mwaka 1996 Marekani ikalazimisha magari madogo mapya yote yanayouzwa huko yatumie mfumo mmoja wa misimbo. Huko ndiko P0171 ilitoka.

Na huko ndiko uvivu wetu ulianzia. Sensa ikisema kuna njaa, tunaitupa sensa. Ni kama kuvunja kipimajoto kwa sababu mtoto ana homa.

Nikaazima kifaa cha kusomea cha beshte yangu, nikaenda kwa mzee mmoja fundi. Gari ikiwa imesimama inanguruma, kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta mengi sana. Tukipandisha injini, ongezeko linashuka. Mzee akasema, "Kijana wangu, kuna hewa inaingia bila kupimwa. Ingekuwa pampu au filta ya mafuta, ingezidi kuwa mbaya ukikanyaga." Akashika mpira mkubwa wa hewa, ule ulio baada ya sensa ya kupima hewa, akauminya. Ufa ukafunguka kama mdomo. Kila nilipokanyaga nitoke, injini ilitikisika na kuuvuta ufa wazi.

Mpira ulikuwa mia nane.

Sichukii mafundi, na mzee pia ni fundi. Lakini ukiambiwa badilisha, uliza swali moja: umejuaje? Kama jibu ni msimbo peke yake, funga boneti uondoke.

Ile sensa ya kwanza bado iko kwa droo yangu. Ilikuwa nzima. Ilikuwa inasema ukweli, na tukailipia elfu tisa inyamaze.