Mji Mkongwe kwa Jicho la Kisangani

Mwaka 1883, wakati Seyyid Barghash alipokuwa akilisimamisha jumba la Beit el-Ajaib mbele ya bandari ya Unguja, Stanley aliasisi kituo katika kisiwa cha Wana Rusari, penye maporomoko ya mto wetu, na katika kituo kile mji huu wa Kisangani una asili yake.

Wazuru wa Unguja huambiwa, wala si uongo, ya kwamba Mji Mkongwe ni tunu ya kaskazi na kusi, pepo zilizowaleta Mwarabu wa Omani, Mshihiri, Mngazija na Mhindi wa Kachi, kila taifa likajenga mahali pake pa ibada. Hata leo mwendo mfupi wa miguu wamfikisha mtu kwenye msikiti wa Malindi wenye mnara uliochongoka, hekalu la Wahindu huko Hurumzi, kanisa la Mtakatifu Yosefu, na lile la Waanglikana, lililoanzwa 1873 juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka uo huo. Lakini upepo huleta watu, haujengi. Mali iliyolipia mawe, chokaa na nakshi za milango ilitoka kwenye karafuu zilizochumwa na watumwa, na kwenye pembe za bara. Na katika pembe hizo, zisizo haba zilitoka kwetu.

Tharia Topan, Khoja Ismailia tajiri, alimkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, bidhaa za safari. Naye, baada ya kuufuata Lualaba hadi maporomoko haya, akalipa kwa pembe zilizobebwa vichwani mwa watu, wengi wao watumwa, kupitia Kasongo, Ujiji na Tabora hadi pwani. Mwaka 1887 Murjebi alikubali kuwa liwali wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, hapa kwetu. Mwaka huo huo likawekwa huko Unguja jiwe la msingi la hospitali ya Topan, ambayo roshani zake za mbao zilizochongwa kwa ustadi ajabu zilikamilika 1894, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, na utawala wa Waungwana, yaani Waarabu na Waswahili wa Murjebi, huku kwetu ukiwa umekwisha kuvunjwa kwa vita. Sioni vipi mtu atazisifu roshani zile kwa insafu pasipo kuwataja wapagazi.

Kwa hiyo mtu wa Kisangani azuruye Unguja, hata kama Kingwana chake, yaani Kiswahili cha kwetu, kitasikika kigeni masikioni mwa wenyeji, haendi ugenini: lugha yenyewe ilimfikia kwa njia ile ile iliyopeleka pembe. Na atakaposimama Shangani, mbele ya nyumba ambamo Murjebi alirejea kuishi hata alipofariki mwaka 1905, napenda mwenye kumwongoza asianze simulizi mlangoni. Aianze Kasongo, au hapa, penye maporomoko, ambapo Wagenia wangali wakitega migono yao kwenye maji yale yale.