Vifaa vya mateso: kwa nini vingine haviruhusiwi kuuzwa nje

Kamba ya kufungia ng'ombe inaweza kumfunga mtu, lakini hakuna serikali itakayozuia kamba zisiuzwe. Je, mkanda anaofungwa mfungwa kiunoni ili apigwe shoti ya umeme kwa rimoti, una kazi gani nyingine? Umoja wa Ulaya ulijibu swali hilo kwa sheria ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika Julai 2006.

Sheria hiyo inagawa vifaa katika mafungu mawili. La kwanza ni la vitu visivyo na kazi ya halali: vifaa vya kunyongea, viti vya umeme vya kuulia watu, mikanda ya shoti, pingu za vidole gumba, marungu yenye miiba. Hivi ni marufuku kuvitoa Ulaya na pia kuviingiza. Ruhusa iliyoachwa ni moja: kuonyeshwa kwenye makumbusho, kama kumbukumbu ya historia.

La pili ni la vitu ambavyo askari anaweza kuvitumia vizuri au vibaya, kama silaha za shoti za mkononi na gesi ya pilipili. Hivi vinauzwa kwa kibali, na anayetoa kibali lazima kwanza aangalie mnunuzi ana rekodi gani. Pingu za kawaida hazimo kabisa.

Kilichosumbua zaidi ni dawa. Thiopentali ni dawa ya usingizi ambayo hospitali zimeitumia miaka mingi kabla ya upasuaji. Marekani, dawa hiyohiyo ilikuwa ikitumika kuwaua wafungwa kwa sindano. Ilipoadimika huko, magereza yalianza kuitafuta nje. Oktoba 2010 jimbo la Arizona lilimwua mfungwa kwa dawa iliyonunuliwa Uingereza, na baadaye ikajulikana kwamba muuzaji alikuwa na ofisi ndani ya shule ya udereva, magharibi mwa London. Tunalitaja hilo kwa sababu linaonyesha jinsi biashara hii inavyoweza kupita mahali ambapo hakuna anayeitazama. Mwezi uliofuata Uingereza ilitangaza udhibiti wake, na Desemba 2011 Umoja wa Ulaya ukaiweka dawa hiyo kwenye orodha ya kibali. Wagonjwa hawakupaswa kuikosa. Kinachochunguzwa ni inakokwenda.

Mwaka 2016 sheria iliongezwa makali. Kutangaza vifaa vya fungu la kwanza kwenye maonyesho ya biashara kulikatazwa, na pia kuvipitisha Ulaya vikielekea nchi nyingine.

Hata hivyo ina mipaka. Inahusu biashara ya kuvuka mpaka, si utengenezaji, na haimgusi mwenye kiwanda aliye nje ya Ulaya. Anayenyimwa Ulaya anaweza kununua kwingine.

Ndiyo maana mwaka 2017 Umoja wa Ulaya, Argentina na Mongolia walianzisha ushirikiano wa nchi zinazotaka kukomesha biashara hii. Juni 2019 suala lilifika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na azimio likapita kwa kura 81 dhidi ya 20, huku nchi 44 zikijizuia kupiga kura. Azimio halina nguvu ya mkataba. Mwaka 2023 Alice Jill Edwards, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa anayeshughulikia masuala ya mateso, alipendekeza uandikwe mkataba wenye nguvu hiyo, pamoja na orodha ya vifaa vya kupigwa marufuku duniani kote.